Sanduku la Asia Kusini

Moyna Khatun aliingia wodini Jumatatu saa mbili asubuhi kwa miguu yake mwenyewe, na taa ya kijani ikiwaka mkononi mwake. Uso ulikuwa umevimba hata macho yamebaki mistari miwili. Viatu vyake vya mpira vya kazini vilibidi vikatwe kwa mkasi, maana miguu ilikataa kutoka. Lakini taa ilikuwa ya kijani. Ule ushanga mdogo kama punje ya mtama, uliotiwa chini ya ngozi ya kila mkazi wa Tanga tangu mwaka 2086, ulikuwa umeisoma damu yake alfajiri hiyo kama kawaida, ukapeleka habari kwa Karani, na Karani akajibu kwamba Moyna ni mzima, aende kazini.

Karani hakuwa mtu. Ilikuwa mashine yenye chumba chake ghorofa ya pili, na watu walimpa jina hilo kwa sababu aliandika mchana kutwa bila kuinua uso kumtazama aliye mbele yake. Kumtunza ndiyo iliyokuwa kazi ya Hansa Vithlani. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na mitano, mwembamba, mwenye miwani na subira ya kupitiliza, na kila ushanga ulioshukiwa kusema uongo uliletwa kwake kama mwizi kituoni.

Alimchoma Moyna sindano ya kizamani, akajaza kichupa, akaipeleka damu maabara kwa mkono wake. Majibu yalirudi baada ya robo saa. Mafigo yote mawili, yakijumlishwa, yalikuwa yakifanya sehemu sita kwa mia ya kazi yake.

Hansa aliyasoma mara mbili, kisha akamweleza mgonjwa bila kumung'unya maneno, kwa sababu aliona huyu si mtu wa kufichwa. Moyna alikuwa na miaka thelathini na minne. Alilisha kamba katika mabwawa ya Padma Mpya, kilomita kumi na saba kusini ya mji, mahali walipopewa Wabangali baada ya bahari kupanda na kuwafukuza kwenye nchi yao ya mito. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia.

"Didi," alisema, kwa neno la kwao la kumwita dada mkubwa, "nyinyi ndio mlioniambia nikiiona kijani niende kazini. Nimekwenda kila siku."

 Hansa alimfunika shuka, akapanda ngazi kwenda kwa Karani.

*

Wazo la Karani halikuwa baya, na ni haki lisemwe. Waliomuunda walijua kwamba mafigo ya watu hayazeeki kwa mwendo mmoja, na kwamba wapo ambao nchi walizotoka, vyakula vyao, kazi zao na damu za babu zao huwafanya yawachakae mapema. Kwa hiyo waliwagawa watu katika masanduku kwa asili zao. Kila alfajiri Karani aliichukua damu ya mtu, akaiweka kando ya damu za wenzake wa sanduku moja, akauliza kama mtu huyu anakwenda sawa na wao. Wabondei walikuwa na sanduku lao, na Wasambaa na Wadigo vilevile. Madaktari wa hapa walipigania masanduku hayo miaka minne mpaka wakapata saba.

Kwa watu wa upande wa pili wa bahari lilikuwapo sanduku moja tu: Asia Kusini.

Hansa aliomba orodha ya watu wote wa sanduku hilo waliowahi kufika hospitali na mafigo chini ya kumi kwa mia huku taa ikiwa ya kijani. Walikuwa ishirini na watatu katika miaka kumi na mmoja. Kila mmoja alikuwa amekuja kivyake, akaandikwa kivyake kuwa ushanga mbovu, akabadilishiwa ushanga. Hansa mwenyewe alikuwa amebadilisha tisa. Sasa alisoma anwani zao. Ishirini na mmoja walitoka Padma Mpya.

Akakumbuka somo la kwanza la kazi yake. Ushanga hupima kreatinini, taka inayotoka kwenye misuli, ambayo figo zima huitoa nje. Mtu mwenye mwili hutengeneza taka nyingi, na mtu mkavu hutengeneza kidogo. Mtu mkavu ambaye figo limekufa nusu anaweza kuwa na taka sawa na mtu aliyeshiba ambaye figo lake ni zima. Wafanyakazi wa mabwawa walikuwa wakavu, wakila wali wa kulowekwa na samaki mkavu wa chumvi, wakishinda juani ndani ya maji. Tena mafigo yao, yakishaanza kushuka, yalishuka upesi kuliko Karani alivyotarajia. Lakini alitarajia hivyo kwa kumfananisha Moyna na nani?

Alilifungua sanduku lenyewe. Damu 4,112. Zilikusanywa Jumapili mbili za mwezi wa Machi, mwaka 2085. Mkusanyaji: H. Vithlani.

Hakuwa amesahau. Alikuwa tu hajawahi kulitazama jambo hilo kwa upande huu. Wakati ule alikuwa karani wa kweli, wa kalamu na fomu, na wakubwa walitaka damu za Wahindi kabla mwezi haujaisha. Hansa alijua Wahindi wako wapi. Kila Machi jumuiya ya Wagujarati, katika ukumbi wa mahajani, baraza lao la wazee, ilipima watu wake macho na sukari bure. Mtu wa jumuiya ile ukimwambia foleni, anakuuliza inaanzia wapi. Walikuja kwa familia, na kadi zenye namba, bibi mbele na wajukuu nyuma, na mabwana wa kujitolea wenye skafu za njano wakiwaelekeza. Hansa aliweka meza yake mwishoni mwa foleni. Mdogo wake, Kirit, alikaanga gathiya, zile tambi nene za unga wa dengu, akachemsha chai ya maziwa, na kila aliyetoa damu alipewa sahani. Ili kuokoa muda Hansa alijaza neno "Mhindi" kwenye fomu zote kabla watu hawajafika.

Alipata cheti kwa kazi ile. Kilikuwa kimetundikwa juu ya meza yake mpaka leo.

Na Padma Mpya ilikuwapo wakati huo. Alifikiri kwenda, akaambiwa siku za kazi wamo majini na Jumapili ndiyo siku yao ya kuvua, akasema atakwenda baadaye. Hansa alivua miwani akakaa akiutazama ukuta. Aliona aibu, aibu ya kweli inayochoma masikio, na ilipopungua kidogo alikitungua kile cheti akakiweka kwenye droo.

*

Daktari Shemweta, mkuu wa matangi, alimsikiliza Jumanne akimenya karanga. Alikuwa mtu wa Lushoto, mzito wa mwendo na wa maneno, na Hansa alimheshimu kwa sababu hajawahi kumwona akimpandishia mgonjwa sauti.

Matangi yalikuwa kumi na mawili, katika chumba chenye joto la mwili. Ndani ya kila moja palipandwa chembe za mgonjwa mwenyewe, na baada ya wiki tano pakavunwa figo. Nani apewe tangi hakuamua daktari. Zamani neno la daktari lilinunulika, kwa hiyo sheria ililikataa kabisa, ikalikubali la Karani peke yake. Majibu ya sindano ya Moyna, ya sita kwa mia, mbele ya sheria yalikuwa karatasi tu. Kwa Karani alikuwa mtu mzima mwenye taa ya kijani.

Njia ilikuwa moja. Mtunzaji aweke sahihi kwamba sanduku lina kasoro. Hapo kila kilichoamuliwa kutokana na sanduku hilo husimama, mpaka damu mpya, zisizopungua mia nne, zipatikane kwa ridhaa ya wenyewe. Zikipatikana, Karani anahesabu upya. Zisipopatikana kabla ya usiku wa siku ya pili, sanduku linafungwa miezi mitatu, na hakuna Mhindi wala Mbangali atakayepata tangi.

Shemweta aliyajua yote hayo. Alijua pia jambo ambalo Hansa alikuwa bado hajalitaja, akalitaja yeye.

"Matangi kumi na moja yana watu. La tisa ni tupu, na keshokutwa saa nne tunampandia Kirit," alisema. "Lingine litakuwa tupu baada ya wiki nne."

Hansa akauliza Moyna atafika wapi. Daktari akasema moyo wake umeshaumia, na mashine ya kusafisha damu itambeba wiki saba, nane akijaliwa. Hesabu ilikuwa nyepesi. Wiki nne za kungoja na tano za kuotesha zilikuwa tisa.

"Na Kirit, akisimamishwa?"

"Kirit ana kumi na moja kwa mia. Anaweza kufika. Anaweza asifike." Shemweta alikung'uta maganda mikononi. "Dada Hansa, mimi ninakuambia kama mtu. Weka sahihi yako Ijumaa asubuhi. Nami nitaweka ya pili bila swali. Siku tatu hakuna atakayezihesabu."

Alisema kwa huruma, na ndiyo maana maneno yale yalimwingia Hansa. Usiku kucha yalimtembea kichwani. Kirit alikuwa ndugu yake pekee, aliyemlea tangu mama yao alipofariki, na alikuwa amemwahidi, tena kwa kumshika kichwa, kiapo cha kwao, kwamba atampata figo. Ilikuwa rahisi. Ilimtaka asifanye kitu kwa siku tatu, na kutofanya kitu alikuwa amekuweza kwa miaka kumi na miwili. Kulipopambazuka alijikaza kisabuni, akaoga, akachukua njia ya Padma Mpya.

*

Mzee Mannan Sarkar, mwenyekiti wa ushirika wa mabwawa na baba mkwe wa Moyna, alikuwa ukingoni na bomba la kioo mkononi, akipima chumvi ya maji. Hakumkaribisha Hansa mara moja. Maji yalikuwa yakiingia, na lango la bwawa lilitaka kufungwa kwa wakati wake. Alipomaliza aliagiza bakuli la wali uliolala ndani ya maji, wenye kitunguu na pilipili mbichi, akamtazama Hansa akila mpaka akaridhika kwamba anakula kweli.

Hansa alieleza anachotaka: damu mia nne, na sanduku la Wabangali peke yao. Mzee hakukubali.

"Tuliposhuka melini nilikuwa na miaka kumi na tisa," alisema. "Karani wa bandari akamuuliza baba, nyinyi nani? Baba akasema Wabangali. Karani akasema hilo halimo, akaandika Wahindi. Wiki hiyohiyo tukapewa kiwanja. Walioshikilia jina lao walikaa kambini miaka mitatu. Leo wewe unataka kutuandika mbali, na kando ya jina letu uandike ugonjwa. Nani ataajiri watu wenye mafigo mabovu? Binti zetu wataolewa na nani?"

Hansa alisema hofu hiyo ina haki yake na hawezi kuahidi kwamba watu hawatasema. Kisha akasimulia habari ya Jumapili mbili za Machi. Hakujitetea. Alieleza ukumbi, kadi zenye namba, gathiya, na neno "Mhindi" lililoandikwa kabla mtu hajaketi. Alisema watu ishirini na mmoja wa kijiji hiki wamefika hospitali wakiwa wamechelewa, na kwamba mlango wa kuchelewa kwao ameufungua yeye.

Mzee Mannan alikuwa amewazika kumi na wanne katika hao. Aliligeuza lile bomba vidoleni.

"Ukilifungua sanduku, nani anapoteza?"

"Yuko mtu anapandiwa figo kesho. Atasimamishwa."

"Nani?"

"Mdogo wangu. Tumbo moja."

Upepo ulivuma kutoka kwenye mikoko. Mzee aliweka bomba chini, polepole, akafuta mikono kwenye lungi yake, shuka aliyojifunga kiunoni.

"Basi nitakuambia sharti," alisema. "Na nyinyi mjiandike. Sitaki nyinyi mbaki Asia Kusini, watu wa kawaida, halafu sisi tuwe tawi lenye maradhi. Mkiandika Wabangali, andikeni na Wagujarati, na Wapunjabi, na kila mtu kwa jina lake. Neno Mhindi lifutwe kwa wote. Ukikubali, Ijumaa baada ya sala njoo kwenye banda la nyavu. Uje mwenyewe, usitume mtu."

Hansa alifikiria simu ambazo wazee wa mahajani wangempigia. Ukweli ni kwamba hakuwahi kuwaza hata mara moja kwamba na yeye anahitaji kuandikwa. Akakubali.

*

Duka la Kirit lilikuwa Barabara ya Nane, Ngamiani, na mtaa mzima ulilijua kwa harufu. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na ule mwili wake mkubwa ulikuwa umeyeyuka mwaka huu hata shati likaning'inia. Chumvi alikatazwa, lakini mpishi hawezi kuuza asichokionja, kwa hiyo alionja, akatema kwenye kopo, akasukutua. Ndivyo alivyokuwa akifanya Hansa alipoingia. Alimsalimu kwa furaha, akamuuliza kama kesho aje na mto wake mwenyewe, maana mito ya hospitali imejaa mawe.

Hansa alimwambia. Aliyasema yote akiwa amesimama, bila kukaa, na mkoba begani.

Kirit alizima jiko. Aliuliza maswali machache, ya maana: huyo mwanamke ana watoto? Wawili. Mashine itambeba mpaka lini? Hansa alikuwa amejiandaa kwa kelele, siyo kwa maswali.

"Chakula cha Jumapili zile nilipika mimi," alisema Kirit mwishowe.

"Ulinisaidia tu. Kosa ni langu."

"Najua kosa ni lako." Alimkazia macho. "Sasa unataka niseme nini, ben, dada yangu? Niseme sawa?"

"Nataka unielewe."

"Hapana. Unataka ruhusa yangu. Nikikupa, mzigo umeubwaga hapa dukani, umekwenda zako mwepesi. Mimi ninaogopa kufa. Sitasema sawa. Ukitaka kuweka sahihi, weka, lakini ubebe mwenyewe."

Aliwasha jiko tena, akamgeuzia mgongo. Hansa alitoka nje akalia pale barabarani, mchana kweupe, na muuza miwa akampa kiti bila kumuuliza kitu.

*

Alhamisi saa tatu, Kirit alikuwa amekaa kwenye benchi nje ya chumba cha matangi. Ameoga, amefunga bila kula kama alivyoelekezwa, na mto uko kifuani. Amekuja kwa kuwa hajaambiwa na mtu yeyote wa hospitali asije, na pengine kwa kuwa alitaka dada yake ampite.

Hansa alimpita. Alipunguza mwendo, akamgusa bega, akaendelea mpaka kwa Karani. Alipiga moyo konde, akaandika: sanduku la Asia Kusini lina kasoro, limejazwa kutoka mahali pamoja, na aliyelijaza ni mimi. Akaweka kidole. Daktari Shemweta, ambaye alikuja nyuma yake bila kuitwa, aliisoma sentensi ile ya mwisho mara mbili, akaguna, akaweka chake. Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini.

Saa hiyohiyo taa za watu elfu kumi na moja zikawa nyeupe. Nyeupe maana yake Karani hajui. Mafundi, wauza vitambaa, walimu na walisha kamba wote walikuta mikono yao haina rangi. Katibu wa mahajani alipiga simu kabla ya saa nne kuuliza ni nani aliyeharibu mikono ya watu wakati wa msimu wa harusi, na Hansa akamjibu kwamba ni yeye, na kwamba atakuja ukumbini Jumapili kueleza, na tafadhali waandae kadi zenye namba kwa sababu kila mtu atapimwa na kuandikwa upya.

Alipotoka, benchi lilikuwa tupu.

*

Ijumaa watu wa Padma Mpya walikuja kwenye banda la nyavu, lakini walikuja kwa namna ya watu waliokwishaandikwa na makarani. Walisimama mlangoni. Waliangalia. Mzee Mannan aliketi wa kwanza, akanyoosha mkono, na Hansa akamuuliza swali ambalo miaka kumi na miwili iliyopita hakumuuliza hata mtu mmoja: "Wazee wako walitoka wapi?" Mzee akalitaja jina la mto na la kijiji ambavyo sasa viko chini ya maji, akaangalia kalamu mpaka ilipomaliza kuandika.

Baada yake walikuja wachache, kisha wakaongezeka kidogo. Kipimo kilitaka tumbo tupu. Kufikia saa kumi walikuwa mia na sitini, wasichana wawili wamezirai, na nyuma watu wameanza kuondoka wakisema watarudi kesho. Hansa aliijua kesho ya namna hiyo. Alihesabu waliobaki akaona hawatoshi.

Ndipo likaingia baiskeli la magurudumu matatu, limebeba jiko, karai na sufuria la chai la kutosha harusi. Kirit alishuka kwa shida, akipumua kwa mdomo. Hakumsalimu dada yake. Alifunga aproni, akamimina mafuta, na unga wa dengu ulipoanza kuchuruzika ndani ya karai, harufu ikatoka nje ya banda, ikawafuata waliokuwa njiani.

"Anayetoa damu anapewa sahani," alitangaza. "Asiyetoa, anuse tu. Kunusa ni bure."

Watu walicheka. Waliokuwa wakiondoka wakageuka. Mzee Mannan alimsogelea Hansa akauliza kwa sauti ya chini kama huyu ndiye. Hansa akaitika kwa kichwa. Mwenyekiti wa ushirika alikwenda mpaka kwenye jiko, akachukua kipepeo mkononi mwa Kirit bila neno, akachuchumaa akapepea makaa. Hakuacha mpaka kiza kilipoingia na vichupa vikawa mia nne na thelathini na mbili.

Baada ya hao wote, wa mwisho kuketi mbele ya Hansa alikuwa Kirit mwenyewe, mikono imejaa mafuta.

"Niandike," alisema. "Na mimi ni Mhindi wa fomu, au sivyo?"

Alimuuliza kama alivyowauliza wengine. "Wazee wako walitoka wapi?"

"Unajua walikotoka."

"Nakuuliza."

Akajibu: Jamnagar, kwa baba. Porbandar, kwa mama. Hansa akaandika. Mwaka ule wa 2085, damu ya Kirit ilikuwa namba moja kwenye orodha, na mahali pa asili palikuwa pameshaandikwa.

*

Jumatatu Karani alimaliza hesabu. Kati ya watu mia nne na thelathini na wawili wa Padma Mpya, hamsini na wanane, ambao alfajiri ya Alhamisi walikuwa kijani, waliamka na taa za njano. Tisa walikuwa wekundu. Walikuwa wakitembea, wakifanya kazi, na karibu wote walikuwa na muda wa kutosha wa kuokolewa. Hansa alisoma majina yao moja moja kwa sauti, na kijiji kikatuma gari kuwaleta.

Tangi namba tisa lilipewa Moyna Khatun. Kirit Vithlani alikuwa wa tatu.

Hansa alimkuta Kirit amelazwa karibu na dirisha, ameunganishwa kwenye mashine ya kusafisha damu, na kitanda cha pili chumbani kilikuwa cha Moyna. Hospitali ilibakiwa na mashine mbili tu, na vitanda havikuchagua nani awe jirani ya nani. Hansa alijua kwamba Moyna ameambiwa habari yote na baba mkwe wake. Hakujua waliambiana nini hawa wawili kabla hajaingia, na hakuuliza.

"Wa ngapi?" aliuliza Kirit, macho yako dirishani.

"Wa tatu."

"Wiki ngapi?"

"Kumi na moja. Labda kumi na mbili."

Kirit alihesabu kwa vidole juu ya shuka. Alipomaliza hakusema kwamba amesamehe, wala hakusema kwamba hakusamehe. Aliinama upande, akatoa bati kutoka chini ya mto ule aliokuja nao toka nyumbani, akalifungua. Zilikuwa gathiya. Alimpa Moyna kwanza, kisha akamnyooshea dada yake, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Moyna alitafuna taratibu, akakunja uso.

"Hazina chumvi, bhai," alisema, kwa neno la kumwita kaka.

"Hazina," alisema Kirit. "Nimezikaanga mara nne, na bado mbaya. Nina wiki kumi na moja za kuzitengeneza. Kula, uniambie zimepungua nini."